Umeme Unakamilika Wapi? Uchambuzi wa Kesi ya Detroit Edison na Kodi ya Vifaa vya Kusafirisha na Kusambaza Umeme

Shirika la umeme likinunua jenereta, hakuna anayebisha kwamba hicho ni kifaa cha uzalishaji. Likinunua transfoma ya kufunga juu ya nguzo mtaani, ubishi unaanza. Je, transfoma hiyo bado inatengeneza umeme, au inamfikishia mteja umeme ambao ulishatengenezwa? Katika jimbo la Michigan, Marekani, jibu lilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola, na shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Hukumu ilitoka Julai 2015: Detroit Edison dhidi ya Idara ya Hazina ya Michigan.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu ilibidi majaji waingie ndani kabisa ya namna umeme unavyofanya kazi kabla ya kusema lolote kuhusu kodi. Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Naona mahakama iliuelewa umeme vizuri kuliko Hazina ilivyouelewa. Ila ilipofika kwenye kugawa asilimia, iliuchukua mtandao mzima kama kitu kimoja, na hapo ndipo kazi ngumu ilipobaki. Kwa maoni yangu, kifaa kimoja kimoja kilistahili kuulizwa kinafanya nini.

Kodi inayozungumziwa

Michigan ina kodi ya mauzo iliyowekwa kwa sheria ya 1933, na kodi ya matumizi iliyowekwa kwa sheria ya 1937. Zote mbili ni 6%. Kodi ya matumizi ipo ili kushika manunuzi ambayo hayakulipiwa kodi ya mauzo: umenunua kifaa nje ya jimbo, au umenunua bila kodi kwa kudai msamaha, kisha ikaonekana msamaha haukuhusu. Hapo Hazina inakuja kwako wewe mtumiaji na kudai 6% yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea VAT anaweza kushangaa kwa nini watu wapelekane mahakamani kwa jambo hili. Sababu ni kwamba mfumo ni tofauti. Tanzania Bara iliachana na kodi ya mauzo na kuanza VAT Julai 1998, na Kenya ilifanya hivyo 1990. Chini ya VAT, shirika lililosajiliwa na linalouza umeme unaotozwa VAT hulipa kodi linaponunua transfoma, nyaya na nguzo, kisha hukata kodi hiyo kwenye ile inayokusanywa kutoka kwa wateja. Hakuna haja ya kuuliza kama transfoma inazalisha au inabeba, maadamu inatumika katika biashara inayotozwa kodi. Kodi ya mauzo ya Marekani haina mlango huo. Ukishalipa 6% kwenye transfoma, imeingia kwenye gharama na imekaa humo.

Na haikai kimya. Shirika la umeme linalodhibitiwa hurudisha gharama zake kupitia bei inayoidhinishwa na tume ya huduma za umma ya jimbo. Mteja wa Michigan anailipia kodi ile ndani ya bei, kisha bili yenyewe inatozwa kodi ya mauzo, 4% kwa umeme wa nyumbani na 6% kwa umeme wa biashara. Kodi imetozwa juu ya kodi. Ili kupunguza jambo hili, majimbo mengi hutoa msamaha kwa vifaa vinavyotumika moja kwa moja kutengeneza bidhaa ya kuuzwa. Michigan inao msamaha wa namna hiyo katika kifungu cha 94o cha Sheria ya Kodi ya Matumizi, na kila kitu katika kesi hii kinazunguka maneno ya kifungu hicho.

Maneno yenyewe yanastahili kusomwa taratibu. Usindikaji wa kiwandani, kinasema kifungu, ni shughuli ya kugeuza au kurekebisha mali inayoshikika kwa kubadili umbo, mchanganyiko, ubora au sifa zake kwa ajili ya kuuzwa hatimaye kwa mlaji. Unaanza mali inapoanza kutoka kwenye ghala la malighafi, na unakoma bidhaa iliyokamilika inapotulia kwa mara ya kwanza kwenye ghala la bidhaa zilizokamilika. Kisha kifungu kinataja yasiyohesabiwa kuwa usindikaji, na miongoni mwake ni mauzo, usambazaji, uhifadhi ghalani na usafirishaji. Mwisho kinaweka sharti la mgawanyo: mali inasamehewa kwa kiasi tu inachotumika kwa kazi yenye msamaha, kwa asilimia ya matumizi hayo ndani ya matumizi yote, kwa kanuni ya hesabu yenye mantiki iliyokubaliwa na idara.

Kwa sheria za kodi za Michigan, umeme ni mali inayoshikika. Sheria imesema hivyo kwa maneno yake, ikiuweka pamoja na maji, gesi na mvuke. Kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya Hazina kusema umeme si bidhaa. Ugomvi ulikuwa wapi bidhaa hiyo inakamilika.

Kilichotokea

Detroit Edison, ambayo leo inaitwa DTE Electric, ndiyo inayohudumia kusini-mashariki mwa Michigan, ukiwemo mji wa Detroit, ikiwa na wateja zaidi ya milioni 2. Wakaguzi wa Hazina walikagua vitabu vyake vya kuanzia 2003 hadi 2006. Kwa vifaa vilivyo ndani ya vituo vya kuzalisha umeme hapakuwa na shida kubwa. Walipofika kwenye vifaa vya nje ya uzio wa vituo hivyo, yaani vituo vya kupozea umeme, nyaya, nguzo, transfoma, swichi na vinginevyo, walisema hivyo ni vya usambazaji na kodi yake haijalipwa. Kanuni ya idara ya siku nyingi ilichora mstari hapohapo: umeme ukishatoka mahali ulipozalishwa, kila kinachotumika kuusafirisha na kuusambaza kinatozwa kodi.

Kampuni ililipa huku ikipinga, kisha ikafungua shauri katika Mahakama ya Madai ya jimbo kudai irudishiwe. Ikashinda. Hazina ikakata rufaa, na Januari 2014 Mahakama ya Rufani ikaipa kampuni ushindi kamili tena. Hazina haikukubali, ikaenda juu.

Njia ya umeme hadi kwa mteja

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mtu asiyejua kinachotendeka kati ya kituo cha kuzalisha na soketi ya ukutani ataona Hazina ina haki bila kusita.

Jenereta kubwa hutoa umeme wenye msongo (nguvu ya kusukuma umeme, inayopimwa kwa volti) wa takriban kilovolti 15 hadi 25. Umeme huo haufai kusafirishwa mbali jinsi ulivyo. Upotevu ndani ya waya hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, na kadiri msongo unavyopanda ndivyo mkondo unavyopungua kwa kiasi kilekile cha nguvu. Chukua megawati 10 kwenye njia ya fezi tatu. Kwa kilovolti 13.2, waya unabeba ampea 437. Kwa kilovolti 120, unabeba ampea 48 tu. Mkondo umepungua mara 9, na joto linalopotea kwenye waya wa aina ileile limepungua zaidi ya mara 80. Ndiyo maana nje ya kituo pana transfoma ya kupandisha, na njia kuu za Michigan huenda kwa kilovolti 120, 230 na 345.

Kutoka hapo umeme unaanza kushushwa. Katika mtandao wa Detroit, unashuka kwenye vituo vya kupozea hadi kilovolti 40 au 24, unashuka tena hadi 13.2, au 4.8 kwenye sehemu za zamani za mji, na mwisho unashuka hadi volti 240 na 120 zinazoingia nyumbani. Njiani vimo vidhibiti vya msongo vinavyouinua kidogo au kuushusha kidogo kadiri matumizi yanavyobadilika. Vimo pia kapasita zinazosahihisha uwiano wa mkondo na msongo, swichi za kujirudisha zinazokata laini tawi la mti linapogusa waya na kuiwasha tena baada ya muda mfupi, na vizuia radi.

Tazama transfoma moja ya juu ya nguzo. Ni pipa la chuma la kijivu lililojaa mafuta. Waya wa msongo mkubwa unaingia juu kupitia kikombe cha kaure. Kando yake pana fyuzi ya kuning'inia ambayo ikiungua inadondoka wazi, ili fundi aione kutoka chini. Ubavuni zinatoka nyaya tatu kuelekea nyumba za jirani. Ndani ya mafuta pana koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Kwenye laini ya volti 4,800, koili ya kwanza ina mizunguko 20 kwa kila mzunguko mmoja wa koili ya pili inayotoa volti 240. Na koili hizo hazijaunganishwa na waya wowote. Nguvu ya umeme inageuka kuwa usumaku ndani ya chuma, na usumaku unageuka tena kuwa umeme upande wa pili. Umeme unaotoka ni mwingine, wenye sifa nyingine, na ulioingia ungeua mtu na kuteketeza kila kifaa nyumbani kama ungefika ulivyo.

Sasa rudi kwenye maneno ya sheria: kubadili umbo, mchanganyiko, ubora au sifa kwa ajili ya kuuzwa hatimaye. Mimi sioni mahali yanapofaa vizuri zaidi kuliko hapo.

Hoja na uamuzi

Hazina ilisema usindikaji unakoma umeme unapotoka kituoni. Kilichobaki ni kuufikisha, na kufikisha kumetajwa waziwazi kuwa si usindikaji. Kupandisha na kushusha msongo ni mbinu za usafiri. Kampuni ilijibu kwamba umeme hauwi bidhaa iliyokamilika mpaka ufike kwenye mita ya mteja, kwa sababu kabla ya hapo mteja hawezi kuutumia. Na kwa kuwa kila sehemu ya mtandao inashiriki katika kuurekebisha, mtandao wote usamehewe kwa asilimia 100.

Sheria inasema usindikaji unakoma bidhaa inapotulia ghalani. Kwa mabati, magari au nafaka za makopo, maneno hayo yanaeleweka. Kwa umeme wa gridi hakuna ghala. Unaozalishwa sekunde hii unatumika sekunde hii. Hazina ilitaka uzio wa kituo cha kuzalisha uchukue nafasi ya ghala ambalo halipo, na sheria haikusema hivyo mahali popote. Mahakama ya Juu ilikubaliana na kampuni kwenye hili: hakuna bidhaa iliyokamilika mpaka umeme unapofikishwa kwa mlaji, kwa hiyo usindikaji unaendelea mpaka hapo. Kanuni ya idara haiwezi kuondoa kile ambacho sheria imetoa, kwa hiyo mstari wa kwenye uzio ukaanguka.

Naona uamuzi huu ulikuwa sahihi, na una jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kama mwisho wa usindikaji ni kwa mlaji, mwisho huo hauko mahali pamoja kwa walaji wote. Kiwanda kikubwa kinachonunua umeme katika msongo wa njia kuu na kuushusha chenyewe kinapokea bidhaa yake mapema sana njiani. Nyumba ya mtu mmoja inapokea baada ya kushushwa mara tatu au nne. Mtandao mmoja una miisho mingi.

Lakini mahakama haikuishia hapo, na ndipo kampuni ilipopoteza sehemu ya ushindi wake. Ilisema vifaa hivyohivyo, kwa wakati uleule vinapousindika umeme, vinausambaza pia. Usambazaji umetajwa kwenye sheria kuwa haumo ndani ya msamaha. Kwa hiyo kuna matumizi mawili yanayokwenda pamoja, na sharti la mgawanyo linashika: kampuni isamehewe kwa asilimia ya matumizi yenye msamaha, na ilipe kwa iliyobaki. Shauri likarudishwa Mahakama ya Madai ili asilimia hiyo itafutwe.

Kampuni ilitegemea sana kesi ya zamani ya 1942, ya chama cha wauza maziwa wa Michigan. Vyombo vya maziwa vilivyotumika katika usindikaji vilitumika pia kuyafikisha maziwa sokoni, na mahakama ya wakati huo ilisema matumizi hayo ya pili hayaondoi msamaha. Mahakama ya Rufani iliifuata kesi hiyo. Mahakama ya Juu ilisema sheria imebadilika tangu wakati huo: maneno ya "kwa kiasi tu" na "asilimia" hayakuwepo mwaka 1942, na sasa yapo. Kwa tafsiri ya maandishi peke yake, ni vigumu kulikataa jibu hilo.

Asilimia ya nini?

Sharti la mgawanyo limetungwa kwa ajili ya vitu kama foklifti. Foklifti ya kiwandani inahamisha bidhaa ambazo hazijakamilika asubuhi, na mchana inapakia lori la kwenda sokoni. Ukiandika saa zake unapata jibu. Tuseme, kwa mfano tu, ilinunuliwa dola 30,000 na asilimia 60 ya saa zake ni za usindikaji. Kodi kamili ingekuwa dola 1,800. Iliyosamehewa ni dola 1,080, na inayolipwa ni dola 720. Mkaguzi na mhasibu wanaweza kubishana juu ya saa, lakini wote wanajua wanachobishania.

Mtandao wa umeme hauna saa za kuandika. Kila sekunde laini ikiwa na umeme, inafanya yote mawili. Ukipima kwa muda, usindikaji ni asilimia 100 na usambazaji ni asilimia 100. Mtu anaweza kusema basi gawa nusu kwa nusu, kwa kuwa matumizi ni mawili. Hilo halina msingi, maana idadi ya matumizi inategemea tu umeyaita kwa majina mangapi. Sheria inadai kanuni yenye mantiki na iliyokubaliwa na idara, bila kusema mantiki hiyo ipime nini. Matokeo yake ni kwamba yule aliyeshindwa hoja ya uzio ndiye aliyeachiwa kuidhinisha kipimo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika hukumu hii. Mahakama ilikuwa na nafasi ya kutoa mwongozo hata wa mistari michache, na mashirika mengine ya umeme ya jimbo yangejua pa kuanzia.

Njia ninayoiona ina mantiki ni kuacha kuuliza kuhusu mtandao na kuuliza kuhusu kifaa. Nguzo ya mti kazi yake ni kuinua waya. Waya kazi yake kubwa ni kuufikisha umeme kutoka hapa hadi pale, na hapo Hazina ina hoja nzito. Kidhibiti cha msongo hakisogezi umeme hata hatua moja. Kinarekebisha ubora wake, basi. Kapasita hali kadhalika. Na transfoma ya kushusha ndiyo iliyo wazi kuliko zote, kwani kwenye ile ya juu ya nguzo, umbali kati ya mahali umeme unapoingilia na mahali unapotokea hautimii mita moja.

Hazina ingejibu kwamba bila transfoma hakuna usafirishaji wa mbali, kwa hiyo transfoma ni sehemu ya usafiri. Jibu hilo lina nguvu, lakini kwa transfoma ya kupandisha peke yake. Ile kweli inafungwa ili umeme usafiri bila kupotea njiani. Hakuna mlaji wa kawaida anayetaka kilovolti 345. Ya kushusha ni kinyume chake. Hakuna anayeshusha msongo ili umeme usafiri vizuri zaidi, kwa kuwa kila ukishusha unasafiri vibaya zaidi. Unashusha kwa sababu moja, ili mteja aweze kuutumia. Huo ndio usindikaji kwa ajili ya kuuzwa.

Ukiliona hilo, sheria ya Texas inashangaza. Kifungu cha 151.318 cha sheria ya kodi ya jimbo hilo kinasamehe transfoma zilizo kwenye kituo cha kuzalisha zinazopandisha msongo wa umeme wa kuuzwa. Kisha kinatoa nje ya msamaha vifaa vya kusafirisha na kusambaza, na kinavitaja kimoja kimoja: transfoma, nyaya, swichi, kapasita, vidhibiti, fyuzi, vikombe, minara, nguzo na vinginevyo. Kwa kazi zake, transfoma iliyo karibu zaidi na usafiri ndiyo iliyosamehewa, na ile inayomalizia bidhaa ndiyo inayotozwa. Wabunge wa Texas walitumia uzio kama mstari. Mstari wa uzio ni rahisi kukagua, na nakubali kwamba urahisi una thamani yake katika kodi: mhandisi, mhasibu na mkaguzi wote wanajua jibu kabla ya kununua. Michigan ingeweza kuandika hivyohivyo. Haikuandika, na Hazina yake ilijaribu kuupata mstari huo kwa kanuni ya idara.

Ohio ilikwenda upande mwingine, nami naona ndio upande bora. Sheria yake inasamehe vitu vinavyotumika moja kwa moja kutoa huduma ya umma, na inaeleza kwamba ndani yake vimo vitu vinavyoingia kuwa sehemu ya mfumo wa kuzalisha, kusafirisha au kusambaza, mradi vibaki kuwa mali inayohamishika. Hata vitu vya kuukarabati mfumo huo vimetajwa. Hakuna asilimia, hakuna mjadala wa bidhaa inakamilika wapi. Mlaji wa mwisho analipa kodi pale sheria inapoitaka, na haimfikii tena kwa siri kupitia bei. Hilo ndilo jibu ambalo mfumo wa VAT unalipata kwa njia ya marejesho, na ndiyo maana mhasibu wa Afrika Mashariki hahitaji hukumu ya namna hii, isipokuwa pale mauzo yenyewe yanapokuwa na msamaha wa VAT. Hapo kodi ya manunuzi haidaiwi tena, inabaki kwenye gharama, na tatizo la Michigan la kodi iliyojificha ndani ya bei linarudi.

Vitabu vinavyohitajika

Nirudi kwenye shauri lililorudishwa kutafutiwa asilimia, maana wengi wakisoma hukumu hii wanadhani kwamba kutenganisha vifaa kwa kazi zake haiwezekani kiutendaji. Mashirika makubwa ya umeme ya Marekani yanayodhibitiwa na tume ya shirikisho ya nishati tayari huweka hesabu kwa mfumo mmoja wa akaunti. Upande wa usambazaji, vifaa vya vituo vya kupozea viko akaunti 362. Nguzo na viungo vyake ni 364. Nyaya za juu na vifaa vyake ni 365. Mabomba ya chini ya ardhi ni 366, na nyaya zake 367. Transfoma za laini ni 368, na mita 370. Gharama ya kila kundi ipo, mwaka kwa mwaka.

Kazi inayobaki ni ya mhandisi na mhasibu kukaa meza moja. Akaunti 368 naiona karibu yote ni usindikaji, kwa sababu nilizoeleza. Akaunti 364 na 366 karibu zote ni usambazaji, na kampuni ikizing'ang'ania itapoteza imani ya mkaguzi kwenye mengine. Akaunti 365 ndiyo yenye taabu, kwa kuwa waya na swichi za laini vimewekwa pamoja, na itabidi ifunguliwe hadi kwenye kadi ya kila mali. Akaunti 362 ina transfoma kubwa na vidhibiti, lakini ina pia chuma cha kushikilia na vyumba vya vifaa. Humo napo lazima kuchambua. Kila kundi likipata asilimia yake, unazizidisha kwa gharama za manunuzi ya kipindi kilichokaguliwa, na jumla inayopatikana ina maelezo nyuma yake ambayo Hazina italazimika kuyajibu kundi kwa kundi.

Kuhusu mita, akaunti 370, naiachia Hazina. Umeme unaopita humo umeshakamilika, na mita ipo kwa ajili ya kupima mauzo, kitu ambacho kifungu cha 94o kimekiweka nje kwa jina lake.